Makangaga na Likopodi za Bonde la Ufa la Kati

Makangaga na likopodi ni mimea yenye mizizi, shina na majani, na ndani yake mna mishipa ya kupitisha maji na chakula sawa na ile ya mahindi au ya mwembe. Tofauti ni kwamba haitoi maua, tunda wala mbegu. Huzaana kwa spora, chembe ndogo mno ambazo upepo huzibeba mbali. Kwa sababu ya spora hizo, vitabu vya botania viliyaweka makundi haya mawili pamoja kwa muda mrefu. Uchunguzi wa vinasaba umeonyesha kuwa undugu wao ni wa mbali sana. Likopodi zilijitenga na mimea mingine yenye mishipa takriban miaka milioni 400 iliyopita, na kangaga linaloota chini ya mgunga lina nasaba ya karibu na mgunga huo kuliko na likopodi iliyo kando yake.

Alama ya kuzitofautisha porini ni jani. Jani la likopodi ni dogo na lina mshipa mmoja usiogawanyika. Jani la kangaga kwa kawaida ni kubwa, lina mishipa yenye matawi, na linapochipua huwa limejiviringa kuanzia nchani, kisha hujikunjua polepole. Spora za kangaga hukaa upande wa chini wa jani katika vifuko vilivyokusanyika kama madoa au mistari ya kahawia. Wako wanaoyadhania madoa hayo kuwa ugonjwa na kuyapulizia dawa katika bustani za nyumbani, bila haja yoyote.

Spora ikianguka penye unyevu haioti kangaga moja kwa moja. Huota kwanza kijimea bapa, mara nyingi chenye upana usiozidi sentimita moja, kiitwacho gametofiti. Hicho ndicho chenye viungo vya uzazi. Seli za kiume huogelea katika utando mwembamba wa maji hadi kwenye yai, na yai likisharutubishwa ndipo kangaga lenyewe linapoanza kukua. Kinachotakiwa basi ni maji ya muda mfupi katika eneo lisilozidi upana wa kiganja. Mwamba unaotona, ufa wenye kivuli au gome lenye kuvu mwani huweza kutosha hata katika nchi ambayo ramani ya mvua inaiita kavu. Anayehesabu makangaga ya Nakuru, katika Bonde la Ufa la kati la Kenya, kwa kufuata misitu peke yake huacha sehemu kubwa ya hesabu nje.

Duniani kote spishi za makangaga na likopodi zinakadiriwa kuwa karibu 12,000. Afrika bara ina sehemu ndogo ya idadi hiyo ikilinganishwa na Amerika ya kitropiki au kusini-mashariki mwa Asia. Costa Rica peke yake, nchi isiyofikia hata moja ya kumi ya eneo la Kenya, ina zaidi ya spishi 1,000, idadi ambayo Kenya haiikaribii. Sababu inayotajwa sana ni vipindi vya ukame vilivyoikumba Afrika katika enzi za barafu, wakati misitu ya mvua ilipojikunyata na kubaki vipande vipande milimani. Hata hivyo ufukara huu una upande wake wa pili. Spishi zilizobaki zimejipanga kwa namna ya kuvutia, na hakuna mahali mpango huo unapoonekana kwa uwazi kama katika Bonde la Ufa la kati, ambako mwendo wa siku moja unaweza kumtoa mtu kwenye lava tupu hadi kwenye ukungu wa mianzi.

Ziwa Nakuru liko karibu mita 1,750 juu ya usawa wa bahari, na Naivasha, lililo juu kuliko maziwa yote ya bonde nchini Kenya, karibu mita 1,890. Magharibi husimama ukuta wa Mau, unaofikia mita 3,000. Mashariki kuna Bahati, Dundori na Kinangop, na nyuma yake milima ya Nyandarua, iitwayo pia Aberdare, ambayo kilele chake cha Lesatima ni mita 3,999. Katikati ya bonde zimesimama volkano: Menengai juu ya mji wa Nakuru, Eburru, na Longonot. Mvua ya Naivasha ni haba kwa sababu Nyandarua huikinga ile inayotoka mashariki. Nakuru hupata zaidi kidogo, na Mau zaidi ya zote mbili.

Makangaga ya mwambani

Kreta ya Menengai ina upana wa takriban kilomita 12 kwa 8, na sakafu yake imefunikwa na lava iliyopasuka-pasuka. Juu ya lava hiyo huota leleshwa na vichaka vingine vya ukavu. Mtu anayeamini kuwa kangaga ni mmea wa kivulini na kando ya mito hatatarajia kuliona hapa. Lakini nyufa za lava na kuta za miamba ya sakafu ya bonde ndiyo makao ya kundi zima la makangaga ambalo halipatikani msituni.

La kwanza kutambulika ni Actiniopteris, kangaga lenye majani ya umbo la upepeo, kana kwamba ni mkoma uliopunguzwa hadi urefu wa kidole. Kiangazi majani yake hujikunja, hukauka na kuonekana yamekufa. Mvua ya kwanza ikinyesha hufunguka tena na kurudia ukijani ndani ya muda mfupi. Pellaea calomelanos, yenye vijijani vya buluu-kijivu na vikonyo vyeusi vinavyong'aa, huvumilia ukavu kwa njia hiyohiyo. Mimea ya kawaida ikipoteza maji kiasi hicho, utando wa seli zake hupasuka. Makangaga haya hutengeneza sukari na protini maalumu zinazoshikilia seli zisivunjike zinaponyauka.

Aleuritopteris farinosa ni jirani yao wa kwenye kingo za barabara na miamba yenye kivuli kidogo. Upande wa juu wa jani lake ni kijani cha kawaida. Wa chini ni mweupe kwa unga wa nta. Kunapokauka jani hujipinda na kuuelekeza huo upande mweupe kwenye jua, ukarudisha mwanga. Unga huo hubaki mkononi mwa anayeligusa, na watoto katika sehemu nyingi za nyanda za juu hulibandika jani kwenye ngozi ili kuacha chapa nyeupe.

Swali linabaki: seli za kiume zinaogeleaje kwenye lava? Jibu ni kwamba mara nyingi haziogelei. Spishi kadhaa za mwambani, Aleuritopteris farinosa ikiwemo, zimeacha urutubishaji. Spora zao hubeba idadi kamili ya kromosomu, na kangaga jipya huchipua kutoka kwenye gametofiti bila yai kukutana na seli ya kiume. Hasara yake ni kwamba kizazi kipya hakichanganyi urithi wa wazazi wawili. Faida ni kwamba mvua moja fupi hutosha, na spora moja tu iliyopeperushwa hadi kwenye mwamba mpya inaweza kuanzisha ukoo mzima.

Volkano za bonde zina pia mashimo ya mvuke. Eburru ni maarufu kwa hayo, na wakazi wake wamekuwa wakiupoza mvuke kwa mabomba ili kupata maji ya kunywa. Pembeni mwa mashimo ya namna hii udongo huwa na joto na unyevu mwaka mzima, hata nyasi za karibu zinapokuwa zimekauka. Katika nchi nyingi za kitropiki, likopodi ya Palhinhaea cernua, yenye umbo la mti mdogo wa matawi yanayoinama, inajulikana kupenda sehemu kama hizo. Mashimo ya mvuke kwa hiyo hayafai kurukwa katika uchunguzi wowote wa bonde, ingawa ardhi yake ni nyembamba na ya hatari kwa mguu usiojua njia.

Msitu na ukungu

Kupanda kutoka Njoro kuelekea Mau, au kutoka Naivasha kuelekea Kinangop, makangaga ya mwambani hupungua na mengine huchukua nafasi. Chini ya mitarakwa na podo sakafu ya msitu ina Pteris, Dryopteris na Polystichum zenye majani marefu, na kwenye kingo za vijito huning'inia Adiantum, yenye vikonyo vyeusi na vijijani laini vinavyokataa kulowa. Jenasi kubwa hapa ni Asplenium. Madoa yake ya spora ni mistari iliyolala sambamba na mishipa, kwa hiyo jenasi ni rahisi kutambua. Spishi ni kazi nyingine. Asplenium sandersonii huota kijichipukizi karibu na ncha ya jani, na jani likiinama hadi kwenye kuvu mwani, mmea mpya hushika hapo. Asplenium friesiorum ilipewa jina la ndugu wawili wa Uswidi, Robert na Thore Fries, waliokusanya mimea kwenye Mlima Kenya na Nyandarua mwaka 1921 na 1922. Asplenium aethiopicum ndiyo inayowasumbua wataalamu zaidi, maana chini ya jina hilo moja kuna mimea yenye idadi tofauti za kromosomu na maumbo yanayoingiliana. Mkusanyaji mwenye busara huandika jina hilo kwa penseli.

Selaginella kraussiana, moja ya likopodi za msituni, hutambaa juu ya udongo wenye kivuli na kufanya zulia la kijani. Huko Ulaya hupandwa kwenye vyungu na nyumba za vioo. Hapa hukanyagwa na ng'ombe wanaochungwa msituni. Selaginella hutoa spora za aina mbili, kubwa za kike na ndogo za kiume, tabia inayozitenga na likopodi nyingine nyingi.

Juu ya miti kuna bustani ya pili. Pleopeltis macrocarpa huota kwenye matawi, ina majani membamba yasiyogawanyika na madoa ya mviringo makubwa, na katika miezi mikavu hujikunja kama wenzake wa lavani. Drynaria volkensii ina majani ya aina mbili: marefu ya kijani yenye spora, na mafupi ya kahawia yaliyokauka ambayo hayadondoki. Hayo makavu hukumbatia shina na kukusanya majani yaliyoanguka, vumbi na kinyesi cha ndege, na mbolea hiyo ndiyo inayolisha mizizi. Jina lake latokana na Georg Volkens, Mjerumani aliyefanya utafiti Kilimanjaro katika miaka ya 1890. Likopodi za mitini, kwa mfano Phlegmariurus dacrydioides, huning'inia kutoka kwenye matawi makongwe, na ndizo za kwanza kutoweka msitu ukikatwa, kwa sababu mti mchanga hauna gome lenye kuvu mwani la kuzishikilia.

Makangaga makubwa kuliko yote nchini ni yale ya umbo la mti. Alsophila manniana, ambayo vitabu vingi bado vinaiita Cyathea manniana, husimama kando ya vijito vya misitu yenye mvua nyingi ya Nyandarua na ya mteremko wa magharibi wa Mau. Shina lake lina miiba, na ukame wa bonde haliuwezi kabisa. Makangaga ya Cyathea yamo katika orodha ya pili ya mkataba wa CITES, unaodhibiti biashara ya kimataifa ya viumbe, kwa kuwa vigogo vyake hukatwa ili kupandia okidi.

Juu ya mianzi, kwenye nyasi na vichaka vya baridi vya Nyandarua, makangaga hupungua tena na likopodi huongezeka. Lycopodium clavatum hutambaa na kuinua vishikio vyenye spora. Poda ya spora zake hushika moto kwa ghafla, na zamani ilitumiwa kwenye fataki na kupaka vidonge ili visishikane. Phlegmariurus saururus husimama wima, mnene na mfupi, kwenye milima mirefu ya Afrika na hata Amerika ya Kusini, ushahidi wa jinsi spora zinavyoweza kuvuka bahari.

Maji, na mgeni wa Naivasha

Maji ya Ziwa Nakuru na Elmenteita yana magadi mengi mno kwa kangaga lolote. Naivasha lina maji baridi, na historia yake ya makangaga ni ya maafa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 ilionekana huko Salvinia molesta, kangaga linaloelea, asili yake Brazili. Ni chotara tasa: vifuko vyake havitoi spora hai. Huenea kwa kukatika tu, kila kipande kikiwa mmea mpya, na penye joto na mbolea ya kutosha huweza kuongezeka maradufu kwa siku chache. Liliziba njia za mitumbwi na ghuba za mafunjo, na kivuli chake kiliinyima mimea ya chini ya maji mwanga.

Kisa cha kulidhibiti ni hoja nzito ya kwa nini majina ya makangaga si mchezo wa wasomi. Kwa miaka mingi kangaga hili lilichukuliwa kuwa Salvinia auriculata, spishi nyingine ya Amerika, na wadudu wa kulila walitafutwa kwenye spishi hiyo. Walioachiliwa katika maji ya Afrika, panzi mmoja akiwemo, hawakuleta matokeo ya kuridhisha. Mwaka 1972 D. S. Mitchell alilitenga kuwa spishi ya pekee na kulipa jina la molesta, na baadaye mwaka 1978 makao yake ya asili yakagunduliwa kusini-mashariki mwa Brazili. Huko alipatikana fukusi mdogo, ambaye naye mwanzoni alidhaniwa kuwa spishi iliyokwisha kujulikana. Mwaka 1985 alipewa jina lake, Cyrtobagous salviniae. Huyo ndiye aliyelisafisha Ziwa Moondarra la Australia katika muda usiozidi miaka miwili, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 aliletwa Naivasha. Salvinia haikuisha, lakini iliacha kuwa tishio. Nafasi yake ya adui wa kwanza wa ziwa ilichukuliwa na gugu maji, ambalo si kangaga.

Wenyeji wa majini ni wapole zaidi. Azolla huelea kwenye madimbwi na mitaro, na ndani ya majani yake huishi bakteria wanaonasa naitrojeni ya hewani, jambo linaloifanya kuwa mbolea ya mpunga huko Asia. Marsilea, yenye vijijani vinne, hujitokeza kwenye madimbwi ya msimu. Vifuko vyake vigumu hulala katika tope kavu kwa miaka, vikingoja mvua. Nyasini, baada ya mvua, huchomoza Ophioglossum, kangaga la jani moja ambalo wengi hulipita wakidhani ni gugu. Ophioglossum reticulatum ina kromosomu zaidi ya 1,200 katika kila seli, idadi kubwa kuliko ya mmea mwingine wowote unaojulikana. Binadamu ana 46.

Yanayopungua na yanayozidi

Mwaka 2001 serikali iliondoa takriban hekta 61,000 za Mau kutoka kwenye hifadhi, na ripoti ya kikosi kazi ya mwaka 2009 ilikadiria kuwa robo ya msitu wote wa Mau ilikuwa imepotea. Kwa makangaga, kukatwa kwa msitu hakumaanishi kupungua kwa namna moja. Yale ya mitini na ya kivuli kizito hutoweka. Pteridium aquilinum huingia. Shina lake hutambaa chini ya ardhi, moto ukipita juu halidhuriki, na majivu huliandalia nafasi. Mteremko wa Mau au Eburru uliojaa kangaga hili kwa kawaida ni msitu uliowahi kuchomwa. Lina sumu: ng'ombe wanaolila kwa muda mrefu hukojoa damu na kupata uvimbe wa kibofu, na farasi hupungukiwa vitamini B1. Kuliona kwa wingi na kusema msitu una makangaga mengi ni kosa la hesabu, kwa maana ni spishi moja iliyochukua nafasi ya nyingi. Msitu wa Eburru ulizungushiwa uzio wa umeme uliokamilika mwaka 2014, na vipande kama hivyo sasa ndivyo vyenye thamani kubwa kwa anayetafuta spishi za kivulini.

Kuhesabu

Mpelelezi Joseph Thomson alipopita Naivasha na Nyandarua mwaka 1883 alikusanya mimea njiani, lakini kazi ya mpango ilianza baadaye. Hebaria ya Afrika Mashariki, yaani hifadhi ya sampuli za mimea iliyokaushwa, ilihamishwa kutoka Amani, Tanganyika, hadi Nairobi mwaka 1950, na leo, chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, ina sampuli zinazokaribia milioni moja. Bernard Verdcourt alifanya kazi hapo kabla ya kuhamia Kew, Uingereza, na ndiye aliyeandika familia kadhaa za makangaga katika mfululizo mkubwa wa vitabu vya mimea ya Kenya, Uganda na Tanzania, uliochukua miaka 60, tangu 1952 hadi 2012. Robert Faden aliandika sehemu ya makangaga katika kitabu cha Agnew cha mimea ya nyanda za juu za Kenya, kilichotoka mwaka 1974, ambacho bado ni mwandani wa wengi porini.

Mfululizo huo uliigawa Kenya katika maeneo saba, na Nakuru pamoja na Naivasha ziko K3. Ni mgawanyo unaofaa kwa kitabu cha nchi tatu, lakini kwa bonde hili ni mpana kupita kiasi. K3 ina lava ya Menengai na misitu ya Mau kwa pamoja, hivyo spishi "ya K3" yaweza kuwa ya mita 1,700 au ya mita 2,900. Uchunguzi wa siku hizi hupanga ploti kwa mwinuko, aghalabu za mita 20 kwa 20, kila ploti ikihesabiwa sakafu, miamba na mashina ya miti. Ploti peke yake hazitoshi, kwa kuwa maporomoko, mashimo ya mvuke na madimbwi hayapangiki kwa mraba. Hayo hutembelewa kwa makusudi. Wakati mzuri ni baada ya mvua ndefu za Machi hadi Mei, majani ya mwambani yakiwa yamefunguka na Ophioglossum ikiwa juu ya ardhi.

Sampuli nzuri ina jani zima lenye spora, kipande cha shina pamoja na magamba yake, na lebo yenye mahali, mwinuko, tarehe na kitu ambacho mmea ulikuwa umeotea. Magamba ya shina na kifuniko cha madoa ya spora, vikitazamwa kwa lenzi inayokuza mara 10, huamua jina mara nyingi kuliko umbo la jani. Jani bila shina, hata likipigwa picha nzuri namna gani, huweza kubaki bila jina daima. Vibali vya utafiti na vya kuingia hifadhini hutafutwa kabla ya safari, mkusanyaji huchukua kile tu ambacho ukoo unaweza kukimudu, na nakala moja ya kila sampuli hupelekwa Nairobi, kwenye hebaria.